Ushungi Mweupe wa Kilindini

Mtu akitoka Bofu, katika bara ya kusini ya Mombasa, akashika njia ya kuteremkia majini hata akafika ukingoni Likoni, hukabiliwa na mlango wa bahari ambao kila chombo kikubwa kiingiacho Kilindini, na kila kitokacho, hakina budi kupita hapo, karibu kiasi cha mtu kuweza kuyahesabu madirisha yake na kuwatambua kwa mavazi watu walioegemea ukingo wa sitaha; na kwa sababu hiyo wenyeji wa upande huu, tangu zama za majahazi ya musimu hata zama za meli za moshi, wamekuwa mashahidi wa safari nyingi za watu wengine. Katika safari hizo iko moja ambayo sijaweza kuiondoa moyoni tangu nilipoisoma habari yake, kwa kuwa ndani yake walikuwamo wanawake zaidi ya themanini, na zaidi ya hamsini katika hao walikuwa wauguzi wa jeshi, nao walipita mlango huu wakiwa hai, wakaiacha Likoni mkono wa kuume, na baada ya wiki moja karibu wote walikuwa chini ya bahari.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwezi wa Februari 1944. Msafara wa meli tano za kuchukua watu uling'oa nanga Kilindini kwenda Colombo, katika kisiwa cha Ceylon, ambacho Waarabu wa kale walikiita Sarandib, na mojawapo ya meli hizo ikiitwa Khedive Ismail. Chombo hicho kilikwisha kubadili bendera na jina: kiliundwa Scotland mwaka 1922 kwa ajili ya kampuni ya Chile, kikaitwa Aconcagua, kisha mwaka 1935 kikanunuliwa na kampuni ya Misri, na ndipo kilipopewa jina la yule Khediwi Ismaili, mtawala wa Misri, ambaye mwaka 1875 alipeleka manowari zake Barawa na Kismayu kuinyang'anya milki ya Sayyid Barghash wa Unguja, mpaka Waingereza walipomlazimisha kuzirudisha. Ndani yake walipakiwa watu 1,511. Karibu elfu moja walikuwa askari wa mizinga wa Kikosi cha 301 cha Afrika Mashariki, vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na nchi za jirani pamoja na maofisa wao, wakipelekwa kwenye vita vya Burma. Waliobaki walikuwa mabaharia wa Kiingereza, na wanawake wa jeshi la majini, na wanawake wa vikosi vya usaidizi, na wale wauguzi na metroni wao.

Siku ya Jumamosi tarehe 12 Februari, baada ya adhuhuri, walipokuwa karibu na visiwa vya Maldivi, wengi wao walikuwa wamekusanyika katika ukumbi wa meli wakisikiliza muziki. Nyambizi ya Kijapani iliyojulikana kwa nambari I-27 ilikuwa imewavizia, ikapeleka topido, mbili zikaipata Khedive Ismail, nayo ikazama kabla dakika tatu hazijatimia. Watu wa Mtongwe na Likoni, ambao tarehe 29 Aprili 1994 waliona feri ikipinduka karibu na gati na roho 272 zikapotea, hawana haja ya kuelezwa dakika tatu ni kitu gani kwa mtu aliye ndani ya chombo, chini ya sitaha, penye ngazi moja na watu mia wenye kuitafuta. Kisha likafuata jambo ambalo kwa uzito wake ni shida kulisimulia: nyambizi ile ilijificha chini ya maji palepale walipokuwa wakielea walionusurika, na manowari za ulinzi, Petard na Paladin, zikaona hazina budi kutupa mabomu ya kulipukia chini ya maji, ilhali juu ya maji hayo walikuwako watu wakipunga mikono wakidhani wameletewa uokovu. Nyambizi hatimaye iliibuka, ikapigwa, ikazama na watu wake. Katika wale 1,511, waliookoka walikuwa wanaume 208 na wanawake 6. Wanawake 77 walikufa, na katika tarikhi yote ya majeshi ya Uingereza na makoloni yake haijapata kutokea siku nyingine ambayo wanawake waliovaa sare walipotea kwa wingi huo.

Nimesema wauguzi, na neno hili lataka kusimamiwa kidogo, maana lugha yetu yaona ndani yake jambo ambalo si kila lugha huliona. Mgonjwa huugua, aliye kando yake humuuguza, na mama ambaye mwanawe yu kitandani akiulizwa hali yake hujibu kwamba ameuguliwa, kana kwamba yale maradhi yamemshukia yeye pia, na sehemu yake ameibeba. Kwa Waswahili, basi, anayeuguza yumo ndani ya ugonjwa wenyewe. Na aliye ndani, katika nyumba zetu za pwani, tangu jadi amekuwa mwanamke.

Nani wa Bofu asiyeijua picha hiyo? Mgonjwa amelazwa juu ya kitanda cha kamba, mkeka chini, mlango umeegeshwa ili upepo wa kusi usimpige moja kwa moja. Mama ameketi kichwani, khalati ameketi miguuni akimchua nyayo kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, wifi yuko uani akikoroga uji mwepesi wa mchele usio na chumvi, na binti mkubwa amejifunga kibwebwe akipeleka maji na kuleta maji. Usiku hugawanywa zamu bila ya mtu kuandika zamu. Kidonda huoshwa kwa maji ya chumvi, homa hupozwa kwa kitambaa kilicholowekwa, majani huchemshwa na mgonjwa akafunikwa shuka ajifukize, na sahani ya kombe iliyoandikwa kwa zafarani huletwa kutoka kwa mwalimu, ikaoshwa, akanyweshwa kwa kikombe kidogo. Siku ya tatu huja mganga au tabibu, mwanamume, akakaa robo saa, akauliza, akatia mkono kwenye paji la uso, akatoa dawa, akapewa ada yake, akaondoka. Mgonjwa akipona, atakayetajwa ni tabibu. Wale waliokesha siku tisa hawatajwi, wala hawatarajii, kwa kuwa walilolifanya lahesabiwa kuwa ni tabia yao, kama vile maji kuteremka. Na mtu hapewi ujira kwa tabia yake.

Nimelileta hili mapema kwa kusudi, nipate kuonyesha kwamba Mzungu aliyewaleta wauguzi wake Kilindini alikuwa na fikira iliyo karibu sana na yetu. Florence Nightingale alipokwenda Uturuki mwaka 1854 kuwatazama majeruhi wa vita vya Krimea, hoja iliyowafungulia wanawake mlango wa spitali za jeshi ilikuwa kwamba kuuguza ni jambo la maumbile ya mwanamke, la upole na usafi na subira. Na mlango ukafunguka kweli, wakaingia. Lakini hoja hiyohiyo ikageuka kufuli, maana mwenye kufanya lililo maumbile yake haulizwi elimu yake, wala mshahara wake haulinganishwi na wa mwanamume, wala neno lake halitangulii neno la daktari. Mwaka huohuo Mary Seacole, mwanamke wa Jamaica mwenye damu nyeusi na ujuzi mkubwa wa homa za nchi za joto, alipoomba apelekwe Krimea alikataliwa, akaenda kwa nauli yake mwenyewe. Ikadhihirika kwamba hata hayo maumbile ya mwanamke yalikuwa na rangi.

Baada ya vita vya Makaburu, mwaka 1902, Uingereza iliunda kikosi cha kudumu cha wauguzi wa jeshi kilichopewa jina la Malkia Alexandra. Aliyetaka kuingia ilimpasa awe mtu wa jamaa wenye heshima zao, asiyeolewa au aliyefiwa na mumewe, na siku atakapoolewa kazi yake hukoma. Kwa hiyo jeshi, lililokuwa likisema kwamba mwanamke huuguza kwa sababu ni mama kwa dhati yake, lilitaka mwuguzi wake asiwe mama wa mtu. Vyeo vya kiofisa, vyenye alama za begani kama za wanaume, hawakupewa mpaka ulipofika mwaka 1941, katikati ya vita vya pili, walipokwisha kuuguza majeruhi wa vita vya kwanza vyote na kuzikana wao kwa wao.

Na mavazi yao! Kanzu ya rangi ya kijivu, begani kijoho kifupi, chekundu kwa wa kudumu, na cha kijivu chenye pindo jekundu kwa walioingia wakati wa vita, na kichwani kitambaa cheupe kilichofunika nywele na kushuka nyuma hata mabegani. Mswahili yeyote akikiona kitambaa kile atasema ni ushungi. Nami naamini ndivyo kilivyokuwa kwa kazi yake, si kwa sura peke yake. Msichana wa Kiingereza aliyekuwa akipelekwa peke yake kati ya wanaume elfu, awaoshe, awageuze, awashike mikono wakifa, alihitaji nguo ya kuwaambia wote kwamba amekuja kwa ruhusa na kwamba staha yake iko pale pale. Upande wetu, katika miaka ile ile, mwanamke wa Mombasa alikuwa amekwisha kulizoea buibui, vazi lililoenea mjini mwanzoni mwa karne ya ishirini, na ambalo watu wa mbali husema lilimfungia mwanamke nyumbani, ilhali wanawake wengi, na hasa wale ambao mama zao walikuwa watumwa na hawakuruhusiwa kujisitiri, walilivaa kwa fahari na kwa nguo hiyo wakapata kupita sokoni na barabarani pasipo mtu kuwavunjia heshima. Ushungi mweupe na buibui jeusi, kila mmoja ni cheti alichokata mwanamke ili avuke kizingiti. Tofauti ni kwamba kizingiti cha mmoja kilielekea spitali yenye mshahara na jina, na cha mwingine kilielekea nyumba ya jirani aliyefiwa au aliyeuguliwa.

Hata ushungi ule mweupe haukuwa na idhini ya kila mahali. Mwaka 1915, majeruhi wa Kihindi waliotoka vitani Ufaransa walipokuwa wakiuguzwa katika jumba la kifalme la Brighton, gazeti moja la London lilichapisha picha ya mwuguzi wa Kiingereza amesimama kando ya kitanda cha Khudadad Khan, Mhindi wa kwanza kupata nishani ya Victoria Cross. Wakubwa wa jeshi walikasirika, wakaamuru wauguzi wa Kiingereza waondolewe kwenye spitali za Wahindi. Mtu aliyeipa dola ile mwili wake utobolewe risasi alionekana hastahiki mwili huo kuguswa na mkono wa mwanamke wa dola ile. Na yule mwanamke, ambaye hakuna aliyemwuliza, aliambiwa kwamba hayo ni kwa ajili ya kumhifadhi. Fikira hiyo ilisafiri na mabwana wake hata Kenya, mahali ambapo walowezi walilichukulia kuwa tusi jambo la mwanamke wa Kizungu kumwosha mwanamume mweusi.

Vita vya kwanza vilipofika pwani yetu havikuwa mbali na Bofu. Wadachi walivuka mpaka wakaja hata pande za Gazi, na Waarabu wa Mombasa waliokusanywa na Meja Arthur Wavell wakapigana nao katika njia hii ya kusini, hata Wavell mwenyewe akauawa Mwele, Januari 1916. Mwanzoni mwa Novemba 1914 Waingereza walishindwa Tanga, na jeshi la Kihindi lililonusurika likaletwa Mombasa pamoja na majeruhi wake. Lakini walioteketea zaidi walikuwa wapagazi, ambao jina lao limebaki katika mitaa ya Kariakoo, maelfu kwa maelfu ya vijana waliochukuliwa na wasirudi, na wengi wao waliuawa na kuhara damu, na malaria, na kichomi, na njaa, wakiwa na wauguzi wachache mno, na hao wachache ni wanaume wenzao waliofundishwa haraka kufunga bandeji.

Upande wa Wadachi iko habari ambayo waandishi wa vita huipita upesi. Askari Waafrika wa von Lettow-Vorbeck walitembea miaka minne, kutoka Kilimanjaro hata Msumbiji hata Rhodesia ya Kaskazini, na pamoja nao walitembea wake zao na watoto wao, msafara nyuma ya msafara. Wanawake hao walibeba mizigo, walipika, walijifungua porini asubuhi na jioni wakawa njiani tena. Na askari alipojeruhiwa, mkono uliomfunga jeraha na kumnywesha maji aghalabu ulikuwa wa mkewe. Ni wauguzi wa vita kwa kila maana ya neno, walakini katika daftari za jeshi waliandikwa pamoja na mizigo. Simameni siku moja mbele ya Sanamu ya Askari, ile ya Mombasa au ile ya Nairobi au ile ya Dar es Salaam, zote zilizosimamishwa karibu na mwaka 1927 na 1928 kuwakumbuka Waafrika wa vita vile. Wamo wenye bunduki. Huko Nairobi yumo na mpagazi. Mwanamke hayumo.

Basi ilikuwaje kwamba, vita vya pili vilipokuja, kazi ambayo kila nyumba ya Kiafrika iliiita ya kike ikafanywa, katika spitali za askari Waafrika, na wanaume? Idara ya matibabu ya Kenya tangu awali iliwachagua vijana wa kiume waliosoma kidogo katika shule za misheni, ikawafundisha kuosha vidonda, kupima joto, kuchemsha sindano, kugawa dawa, wakaitwa dresa. Jeshi la Keya (King's African Rifles) likafanya vivyo hivyo kwa wingi zaidi. Mwanamume ambaye kwao hakuwahi kuingia jikoni, na ambaye mama yake angeona haya kumwona amechukua kata ya maji, alifunzwa kutandika vitanda ishirini, kumlisha mwenziwe kwa kijiko, kubeba choo cha asiyeweza kuinuka; naye hakuona haya, kwani alikuwa na kofia na mkanda na mshahara wa mwezi, na aliporudi kijijini watu walimwita daktari. Nalitaja hili kwa kuwastahi, maana wengi wao waliuguza kwa moyo wa huruma usio na mfano, huko Abisinia, na Majunga, na katika matope ya Burma. Lakini funzo lililomo ndani yake ni zito: kazi ile haikuwa ya kike kwa asili yake. Iliitwa ya kike pale isipolipwa, na ilipolipwa ikakutwa kuwa yafaa wanaume.

Serikali ilipoulizwa kwa nini haikuwafunza wasichana, jibu lake lilikuwa tayari: wasichana waliosoma ni wachache, wazazi hawawatoi, tena huolewa mapema. Yalikuwa kweli, ila mwenye kuyasema ndiye aliyejenga shule chache za wasichana kuliko za wavulana. Wala sitaki wazee wetu wa Mombasa watoke katika hesabu hii salama. Nao walishikilia kwamba binti aliyebaleghe hafai kulala nje ya nyumba ya babake wala kuutazama mwili wa asiye maharimu wake, na kwa kauli hiyo mama zetu walizaa na kufa pasipo mwanamke mwenye elimu wa kuwasaidia, mpaka ikawa mtu anayemkataza binti yake asisome uuguzi ndiye huyo huyo anayelalamika mkewe amefunuliwa na daktari mwanamume.

Na dini haikuwafundisha hivyo. Vitabu vya sira na hadithi, ambavyo katika misikiti yetu husomwa kila mwaka, vyamtaja Bibi Rufaida al-Aslamiyya, ambaye katika vita vya Khandaq hema lake lilipigwa msikitini Madina, na Saad bin Muadh alipopigwa mshale Mtume akaamuru achukuliwe humo. Vyamtaja Ummu Atiyya, aliyetoka katika vita saba pamoja na Mtume, akibaki kambini kuwapikia watu na kuwatibu majeruhi. Vyamtaja Rubayyi binti Muawwidh, akisimulia jinsi yeye na wenziwe walivyowapelekea wapiganaji maji na kuwarudisha waliojeruhiwa. Walitoka, waliwaona wanaume wageni katika damu yao na uchi wao wa maumivu, na Mtume hakuwarudisha. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, kadhi wetu mkubwa, alipotoa gazeti lake Sahifa mwaka 1930, na baada yake Al-Islah mwaka 1932, aliwalaumu watu wa pwani kwa kuacha elimu na akahimiza mabinti nao wasomeshwe. Na shule ya wasichana wa Kiarabu ikaja kufunguliwa Mombasa mwishoni mwa muongo huo. Lakini kutoka kusoma hata kufika wodini ilikuwa bado masafa. Lililokubalika mapema lilikuwa ukunga, kwa kuwa humo mwanamke humhudumia mwanamke: huko Mengo, Uganda, Katharine Cook, aliyekuja kama mwuguzi akaolewa na Daktari Albert Cook, alikuwa ameanza kuwafunza wakunga Waafrika vita vya kwanza vilipokuwa vikiisha, na Mombasa nyumba ya uzazi iliyopewa jina la Lady Grigg, mke wa gavana, ikafuata njia hiyo.

Hali ilikuwa hivyo Aprili 1942, Wajapani walipoipiga Colombo na Trincomalee na manowari za Waingereza zikakimbilia Kilindini, bandari yetu ikawa kwa muda makao ya jeshi lao lote la majini la bahari ya Hindi. Kuanzia Bofu na Mtongwe usiku ukawa wa giza la amri, taa zikizibwa, na mchana maji yakajaa chuma. Shule ya Allidina Visram, iliyo juu ya bahari upande wa kisiwani, ilitwaliwa, na ndani yake wataalamu wakakaa kuzifungua siri za mawasiliano ya Wajapani, wakisaidiwa na wasichana wa jeshi la majini walioapishwa wasiseme neno. Na mwaka huohuo wakaivunja siri iliyotumiwa na meli za biashara za Kijapani. Walowezi nao walikuwa na kikosi cha wanawake kilichoanzishwa na Lady Sidney Farrar. Kwa watu wetu, waliozoea kumjua mwanamke wa Kizungu akiwa bibi wa nyumba mwenye mwavuli na boi, yalikuwa mageni haya: mwanamke anayeendesha lori la jeshi, mwanamke anayepigiwa saluti, mwanamke anayemwamuru mwanamume anyamaze na anyooshe mkono wa sindano, naye akanyoosha. Feri ya Likoni, ambayo ilikuwa na umri wa miaka mitano tu, ilivusha watu wa kila sare.

Katika mandhari hayo, Februari 1944, wale wauguzi walipanda Khedive Ismail. Nikiwafikiria, huona watu watatu waliokuwa karibu kwa siku ile bila ya kuonana. Wa kwanza ni sista mwenye ushungi mweupe, ambaye nchi yake ilimpa cheo juzi tu, baada ya miaka arubaini ya kumwambia kwamba upole wake ndio cheo chake. Wa pili ni mwanamume Mwafrika wa spitali ya jeshi, aliyefanya kazi ya mama yake na kuitwa kwa jina la kiume. Wa tatu ni mwanamke wa bara ya Likoni, huenda Mdigo, wa watu ambao zamani walihesabu nasaba na urithi upande wa mama, ambaye asubuhi ile, kama asubuhi zote, alikuwa na mgonjwa ndani. Akainua macho, akaona meli kubwa ikipita mlangoni, akarudi kwenye chungu chake cha uji. Watatu wote ni wauguzi. Mmoja aliandikwa na kulipwa pungufu, mmoja aliandikwa na kulipwa kwa kima cha Mwafrika, mmoja hakuandikwa.

Vita vilipokwisha, mabadiliko yalikuja polepole, kama maji ya bamvua yanavyojaa mkoko bila ya mtu kuyaona yakisogea. Hospitali ya King George VI ya Nairobi, ambayo leo ni Kenyatta, ilianza mwaka 1952 kuwafunza Waafrika uuguzi wa daraja la kuandikwa rasmi. Wasichana wa pwani walikuja nyuma ya wenzao wa bara, na wa kwanza walisemwa sana. Nimewajua wawili katika hao, na wote wawili walinisimulia jambo lile lile, kwamba maneno yalikoma siku mwanamke wa mtaani alipokaribia kufa kwa uzazi, watu wakaja kugonga mlango wao usiku.

Waliozama na Khedive Ismail hawana makaburi. Majina ya askari wa mizinga yamechongwa katika kumbukumbu ya Afrika Mashariki iliyo kwenye makaburi ya vita ya Nairobi, kando ya barabara ya Ngong. Majina ya masista wa Malkia Alexandra yamechongwa Brookwood, Uingereza. Walikula chakula cha meli moja, walisikiliza muziki mmoja alasiri ile, na maji yaliyowafunika ni mamoja. Jiwe ndilo lililowatenga.

Na alfajiri, kwenye kivuko cha Likoni, katika umati uteremkao mteremko wa feri, wamo wauguzi wanaokwenda zamu ya asubuhi kisiwani, wanawake kwa wanaume, na wengine huwapa mgongo kuelekea hospitali ya Mrima, ambako wa zamu ya usiku wanawangoja. Sare nyeupe huwa imekunjwa ndani ya mfuko, juu yake buibui. Mara nyingine feri husimamishwa, injini zikanguruma mahali pamoja, meli kubwa itokayo Kilindini ipite kwanza. Na watu wote, nao wakiwemo, husimama wakiitazama hata itoke mlangoni.